Dari si starehe, landi

Wasee wa Kayole, Umoja, Dandora na Pipeline, leo tuongee kuhusu ile keja ya juu kabisa. Mnaijua. Flati ilikuwa imeisha, landi akaona bado kuna nafasi, akaongeza vyumba juu: mawe kidogo, mbao, mabati, basi. Paa limeinama mpaka upande wa kitanda huwezi kusimama. Dari hakuna.

Mimi nasema hivi: chumba cha mabati bila dari hakijaisha kujengwa, na hatufai kukilipia kama kimeisha.

Saa nane mchana jua linachoma bati, na bati linakurushia huo moto kichwani. Kufungua dirisha kunasaidia kidogo tu, kwa sababu joto linatoka kwa bati lenyewe. Usiku mambo yanageuka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Julai usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Bati linapoa haraka, mvuke wa jiko na pumzi zenu unageuka maji hapo juu, alfajiri mnadondokewa. Na hapo ndipo mtoto mchanga analala, ndipo mtu wa KCSE anasoma.

Dawa ipo. Rangi nyeupe juu ya bati inarudisha jua. Kule Ahmedabad, India, mji una mpango wa kupaka mapaa hivyo tangu 2017. Ndani, weka dari inayofuata mteremko, na uache nafasi ya hewa kati yake na bati, yenye matundu chini na juu ili joto na unyevu vitoke. Ukiziba kote, mbao zitaoza.

Lakini si maboksi, manze. Wala styrofoam iliyoachwa wazi. Waya za ploti zetu tunazijua, na hivyo vitu vinashika moto mbio.

Landi atasema dari itapandisha rent. Sawa, lakini chumba ambacho watu wanahama kila baada ya miezi mitatu kinakula doh ya nani?

Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Wakaguzi wakipanda kuangalia nguzo na ngazi, wainue macho pia.

Na wewe, ukienda kuangalia keja, usiishie kwa maji na choo. Nenda mchana jua likiwaka, kaa ndani dakika kumi. Kama huwezi kuzimaliza, usitoe dipoziti.