Asistanti bila mushahara: nani atafundisha watoto wetu kesho?

Tuanze na mutu ambaye kila mwanafunzi wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira anamujua: asistanti. Ni yeye anasahihisha kopi mia mbili za interogasio kwa mwangaza wa simu wakati umeme umekatika. Ni yeye anaongoza mazoezi, anasoma TFC ukurasa kwa ukurasa, anasimamia mitihani wakati profesa yuko Kinshasa ao Lubumbashi. Na mara nyingi ni yeye huyo ambaye serkali haimulipi hata franka moja, miaka nenda miaka rudi.

Mimi mwenyewe nilimaliza masomo ya uandishi wa habari kwa sababu ya mutu wa namna hiyo. Alikuwa na meza moja, kompyuta moja na mashini ya fotokopi mbele ya nyumba, pembeni ya barabara. TFC yangu aliisoma katikati ya wateja wawili: moja anataka kopi ya kadi ya uchaguzi, mwingine anataka kuandikiwa barua ya kuomba kazi. Hakuniomba kitu. Miaka kumi kisha, nilimukuta pale pale. Bado asistanti, bado mashini ya fotokopi. Nilipomuuliza juu ya teze yake, alicheka kidogo, akanijibu: “Ndugu yangu, teze inakula. Nikiilisha yenyewe, watoto watakula nini?”

Sitataja jina lake wala chuo chake, kwa sababu shida hii si ya chuo kimoja. Ni namna inchi yetu ilivyozoea kuendesha masomo ya juu: kwa jasho la watu ambao hatuwalipi.

Wasomaji wengi hawajui vizuri njia ya kuwa profesa hapa kwetu. Kijana anamaliza masomo na pointi nzuri, chuo kinamubakisha kama asistanti. Anafundisha huku yeye mwenyewe akiendelea kusoma. Akitoa maandiko ya kisayansi anaweza kupanda na kuwa shefu wa kazi, wale tunaita CT. Lakini mulango wa uprofesa unafunguka tu kwa ufunguo moja: doktora. Bila teze iliyotetewa, mutu anaweza kuzeekea pale pale, mvi kichwani, na bado wanamuita asistanti ao CT.

Kwa hiyo asistanti ni watu wawili katika mwili moja. Ni mufanyakazi, na ni mwanafunzi. Kama mufanyakazi, anapaswa kulipwa. Kama mwanafunzi, anapaswa kusaidiwa. Kwetu anakosa vyote viwili. Chuo kinamupa barua ya kumuweka kazini, lakini jina lake haliingii katika listi ya mishahara ya serkali, jambo ambalo kila mufanyakazi wa Kongo analijua kwa jina la mekanizasio. Wakati anangojea, anaishi kwa primu ndogo inayotoka katika minervali ya wanafunzi, kama ipo. Na siku anajiandikisha kwa masomo ya doktora, wanamudai feza kama mutu yeyote wa inje.

Inchi zingine zimefikiria jambo hili kwa namna ingine. Kule Marekani, mwanafunzi wa doktora anayefundisha ao anayefanya utafiti, kwa kawaida masaa 20 hivi kwa juma, mara nyingi chuo kinamuondolea feza za masomo na kumupa posho ya kila mwezi. Ufaransa iko na mukataba wa doktora wa miaka mitatu, wenye mushahara. Si kusema kule ni paradiso. Mwezi wa kumi na moja 2022, wafanyakazi 48.000 wa Chuo Kikuu cha California, wengi wao wanafunzi wa namna hiyo, waligoma karibu juma sita kwa sababu posho yao haikutosha kulipa nyumba. Waliongezewa. Lakini tuangalie vizuri: wale walikuwa na mukataba wa kushika mukononi wakienda kudai. Asistanti wetu atagoma akionyesha karatasi gani?

Na tusiseme kama musaada kwa wanafunzi ni desturi ya kigeni. Wazee wetu wanakumbuka wakati serkali ilitoa bursi. Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium walitembea katika barabara za Kinshasa, na moja ya mambo waliyodai ilikuwa kuongezewa bursi. Askari waliwapiga risasi, makumi ya vijana wakakufa. Leo, zaidi ya miaka hamsini kisha, mwanafunzi wa Kongo hata hana bursi ya kudai iongezwe. Muzigo wote uko juu ya muzazi: mama anayeuza samaki, baba anayeendesha moto, kaka aliye Ulaya.

Majirani zetu, ambao tumeingia nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wamefanya kazi juu ya swali hili kabla yetu. Kenya ina HELB tangu 1995, Tanzania ina bodi yake ya mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwanafunzi anakopeshwa, akipata kazi anarudisha, feza inasaidia mwingine. Kuna malalamiko mengi kule pia: feza kuchelewa, wengine kutorudisha. Lakini kuna dirisha ambapo mutoto wa maskini anaweza kugonga.

Huku mashariki, vita imeongeza chumvi katika kidonda. Tangu M23 waliingia Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga, uwanja wa ndege wa Goma ukafunga, wazazi wakapoteza biashara. Chuo kinachoishi kwa minervali, wazazi wakikosa, kinakosa vile vile. Na wa kwanza kukatwa ni yule asiye katika listi ya serkali. Asistanti mwenye profesa wake Kinshasa hawezi tena kupanda ndege hapa. Anapaswa kuzunguka kwa inchi jirani, na kila mupaka unaomba feza yake. Kusafiri tu kwenda kuonana na mwongozi wa teze kunaweza kumaliza akiba ya mwaka muzima.

Tuseme sasa neno ambalo wengi wanalisema chini chini. Umaskini wa asistanti haubaki kwake. Unashuka kwa mwanafunzi. Silabusi inakuwa ya lazima kununua, na asiyenunua anajua yatakayomupata. Pointi zinapata bei. Kuna wasichana wanaoombwa kitu kibaya kuliko feza. Hatusemi kama njaa inatoa ruhusa. Mwenye kufanya hivyo anapaswa kuazibiwa, awe analipwa ao halipwi. Lakini serkali inayomuacha mulinzi wa gala bila chakula, isishangae ikikuta magunia yametobolewa.

Kuna asistanti wa aina ya pili, ambaye hata hatumuhesabu. Ni yule anayefanya utafiti kwa ajili ya watu wa mbali. Kivu na Ituri zimejaa watafiti wa kigeni wanaoandika juu ya vita, madini na wakimbizi. Anayeenda kijijini kuuliza maswali, anayejua njia ya kupita na neno la kusema mbele ya wenye bunduki, ni kijana wetu. Kitabu kikitoka, mara nyingi jina lake halimo. Miaka michache iliyopita, watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji waliandika waziwazi juu ya mambo haya katika mfululizo uliojulikana kama Bukavu Series. Walionyesha kama utafiti juu ya taabu ya Kongo unaweza nao kuwa taabu kwa Mukongomani. Asistanti aliyelipwa vizuri na chuo chake angekuwa na nguvu ya kukataa mukataba mbaya. Mwenye njaa anatia sahihi bila kusoma.

Na bursi za inje? Zipo, na tunazishukuru. Ubelgiji inatoa kupitia ARES na VLIR-UOS, Ujerumani kupitia DAAD. Kuna BEBUC, iliyozaliwa kwa urafiki kati ya maprofesa wa Würzburg na wa Kinshasa, ambayo inafuatilia wanafunzi wazuri wa vyuo vya Kongo. Wengi wa maprofesa wetu wa leo walipita njia hizo. Tunaongeza neno moja kwa vijana: bursi ya kweli haiuzwi. Mutu akikuomba dola hamsini “za kufungulia dosie” kwa WhatsApp, kimbia. Tayarisha paspoti na relevé zako mapema, tafuta profesa ambaye kazi yake inafanana na yako, umuandikie barua fupi yenye kueleza unataka kutafiti nini. Wengi wanakosa bursi si kwa kukosa akili, lakini kwa sababu dosie ilianza kutayarishwa siku tatu mbele ya kufunga.

Lakini bursi ya inje haiwezi kuwa siasa ya inchi. Inachukua wachache, na mwenye kutoa ndiye anayechagua masomo gani ni ya lazima. Inchi inayongoja mugeni amusomeshee mwalimu wake inangoja pia mugeni amuambie nini cha kufundisha.

Tunasikia majibu ya wakubwa. La kwanza: “Hawakulazimishwa, waache kama wanachoka.” Wanaacha, ndiyo. Wenye akili wengi wanaenda katika mashirika ya misaada, ambapo kazi ya ripoti inalisha nyumba kuliko miaka kumi ya kufundisha. Hatuwalaumu. Tunauliza tu: anabaki nani? Na muelewe kama tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serkali yenyewe ilianzisha mupango wa LMD, unaoomba mwanafunzi afuatiliwe kwa karibu, kazi baada ya kazi. Nani atamufuatilia kama si asistanti?

La pili: “Tuko na vita, na tulianza na shule ya musingi ya bure.” Ni kweli, tangu 2019 masomo ya musingi ya bure yameingiza watoto wengi darasani, na ni jambo zuri. Lakini watoto hao wanakua. Watafika chuo kikuu. Mwalimu wa sekondari anafundishwa na chuo, munganga anafundishwa na chuo, juji vile vile. Ukijenga nyumba kwa kuanza na musingi, haimaanishi utaiacha bila paa.

La tatu: “Feza haiko.” Hapa tunaomba kuheshimiana. Kodi ya madini, ile wanaita redevansi, Kodi mipya ya madini ya mwaka 2018 inaigawanya hivi: 50% kwa serkali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa eneo linalochimbwa, na 10% kwa mufuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo! Tunauliza kwa upole: kizazi kijacho ni nani kama si yule kijana mwenye mashini ya fotokopi na wanafunzi wake? Kobalti ikiisha chini ya udongo, kitu kitakachobaki ni watu wanaojua kitu.

Kwa maoni yetu, mambo mane yanawezekana bila kungoja amani yote irudi.

La kwanza: chuo kisiweke asistanti mupya kazini kama nafasi yake haina feza katika bajeti, na wale waliowekwa tayari waingizwe katika listi ya mishahara kwa kufuata tarehe ya barua zao. Mwenye kungoja miaka minane asipitwe na mwenye kujua mutu katika wizara.

La pili: kila asistanti apewe mukataba wa kuandikwa, wenye kusema masaa mangapi anafundisha na masaa mangapi ni ya teze yake. Leo masaa yote ni ya chuo, teze inabakia usiku.

La tatu: asistanti anayefundisha katika chuo cha serkali asilipe minervali ya doktora katika chuo cha serkali. Hili haliombi kuleta feza. Linaomba tu kuacha kumunyanganya mutu ambaye haujamulipa.

La ine: sehemu ndogo ya mufuko wa vizazi vijavyo na ya redevansi za majimbo iwe bursi za teze, zinazotolewa kwa shindano, na majina ya waliopata yabandikwe kwa mulango wa chuo na pointi zao. Kama sheria haikubali, wabunge wetu wanajua kazi ya bunge ni nini. Bila listi ya wazi, bursi itaenda kwa mutoto wa mukubwa, na tutakuwa tumefungua duka ingine.

Na maprofesa, tunawaambia kwa heshima: ninyi pia mulikuwa maasistanti. Asistanti si mubeba mufuko. Teze aliyowaletea mwezi wa pili, musiirudishe mwezi wa kumi na mbili.

Juma lililopita nilipita tena mbele ya ile meza. Mashini ya fotokopi ilikuwa imeharibika. Yeye alikuwa amekaa, rundo la kopi za wanafunzi magotini, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemulipa kwa zile kopi. Lakini aliziandikia maneno pembeni, moja moja, ili mwenye kukosea ajue alikosea wapi. Inchi inaishi kwa watu wa namna hiyo. Swali ni mpaka lini watakubali.