Karata yenye tundu: tuichome ao tuichunge?

Wandugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Katika internati yetu kuko neno linalogawanya watu. Wengine wanasema karata zote ni za kamari, basi zichomwe. Wengine wanakusanya karata zilizotumika katika kazino za Marekani, sawa vile wengine wanakusanya tembre za posta. Sisi wakubwa wa mabweni tunatoa mawazo yetu.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Katika mji wa Las Vegas, jimbo la Nevada, ambako serikali iliruhusu tena kamari mwaka 1931, karata haikai mezani siku mingi. Wanaibadilisha upesi, kwani mchezaji mwerevu anaweza kuitia alama kwa ukucha na kudanganya. Kisha wanatoboa paketi nzima kwa mashine, ao wanakata pembe, ao wanapiga mstari wa wino kandokando. Ni kusema: karata hii imekufa, isirudi mezani. Halafu wanaiuza kwa bei ndogo.

Basi tundu si uchafu, ni ushuhuda. Karata isiyo na alama hata moja, usikubali upesi kwamba ilitoka mezani, maana kazino zinauza na mpya dukani. Geuza mgongo, usome jina la kazino. Tafuta asi ya piki: mara nyingi mtengenezaji anaandika jina lake pale, kama vile Bee, ambayo iko tangu 1892.

Lile jina la mgongoni lina somo. Kazino Sands ilifungwa 1996, Stardust 2006, Tropicana 2024. Zote tatu zilibomolewa. Wangapi waliacha mshahara wao mule ndani! Leo nyumba iliyokula feza zao haiko tena. Kumebaki kipande cha kartasi chenye tundu. Mtu akichoma kipande hicho, anachoma somo pia.

Lakini tuseme kweli yote. Tundu linaua karata kule kazino tu. Hapa kwetu, usiku, taa ikizimwa, inafufuka: wako wanaocheza juu ya sabuni na sukari, na mdogo wa kalasi ya kwanza anaamka bila kitu. Hao hatuwatetei hata kidogo.

Kwa hiyo tunaomba hivi: kila mkusanyaji achunge karata moja tu ya kila kazino, ile asi ya piki. Inatosha: mbele iko na mtengenezaji, nyuma iko na kazino, katikati iko na tundu. Aandike kando yake jina la mji na mwaka wa kufungwa. Zile 51 zingine azitoe kwa walimu. Kwa karata moja hakuna anayeweza kucheza.

Mkusanyaji wa kweli hatapoteza kitu. Yule atakayelilia zile 51, tutajua alikuwa anatafuta nini.

Wakubwa wa mabweni, kalasi ya sita