Kasongo na Kabambare: bei ya bima ikipanda, wenye magari waonyeshwe hesabu

Kusini mwa Maniema, magari mengi hulipiwa bima kwa ajili ya bariyeri kuliko kwa ajili ya ajali. Dereva anayetoka Kasongo kwenda Kindu, au anayebeba mawese na mchele kutoka Kabambare, anajua kwamba polisi wa barabarani ataomba karatasi ya bima pengine hata kabla ya salamu. Ndiyo maana akiambiwa bei imepanda, hunung'unika kisha hulipa. Anaogopa gari lake kufungwa. Lakini mtu aliyelazimishwa na sheria kununua kitu ndiye wa kwanza kustahili kuelezwa bei yake.

Bima hii ni ya lazima nchini Congo tangu sheria ya mwezi wa kwanza 1973. Kwa miaka mingi SONAS, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1966, ndiyo peke yake iliyouza. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko, na kuanzia 2019 kampuni zingine, kama Activa na Rawsur, zikapewa ruhusa ya kufanya kazi. Raia walitegemea kwamba wauzaji wakiwa wengi bei zitashuka. Kinshasa na Lubumbashi mwenye gari anaweza kweli kuuliza kwenye mlango wa pili na wa tatu. Huko Salamabila, kuchagua kampuni ni habari ya kusikia redioni.

Sababu inayotolewa mara nyingi ni dola. Bima huhesabiwa kwa dola, na dereva hukusanya faranga. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu faranga 930. Mwisho wa 2017 ilikaribia 1,600. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Kwa hiyo bei inaweza kupanda mara tatu mfukoni mwa dereva bila hata namba moja kubadilika kwenye karatasi ya kampuni. Hilo linaeleweka. Lakini miezi ya mwisho ya 2025 faranga ilipata nguvu, na aliyeongezewa faranga wakati dola inapanda ana haki ya kuuliza kwa nini hakupunguziwa iliposhuka. Na kama hata bei ya dola yenyewe imeongezwa, kisingizio cha faranga hakina nafasi.

Sababu nyingine ni barabara mbaya. Hiyo ichunguzwe vizuri. Bima ya lazima hulipa madhara ambayo gari limewafanyia watu wengine: mpita njia aliyegongwa, nyumba iliyobomolewa, pikipiki iliyokanyagwa. Haimlipi mwenye lori kwa resori zilizovunjika kwenye matope ya njia ya Kindu. Gari linalolala siku tatu ndani ya shimo linamwumiza mwenyewe zaidi ya jirani. Anayetaka kuongeza bei kwa sababu ya barabara aonyeshe ni ajali ngapi zilizotokea huku, na ni familia ngapi zilizolipwa.

Tena kuna magari yaliyosimama. Tangu M23 ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, biashara ya upande wa mashariki imeyumba, lakini bima ya mwaka haisimami gari likisimama.

Si kwamba bei ndogo ndiyo haki. Kenya ilionja uchungu huo: United Insurance mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, kampuni zilizowekea bima matatu nyingi, ziliwekwa chini ya usimamizi wa serikali baada ya kushindwa kulipa, na waliojeruhiwa wakabaki na karatasi mkononi. Kampuni inayolipa kweli inaweza kudai bei ya kweli. Mjane wa mtu aliyegongwa Kabambare, anayetakiwa kufuata malipo mpaka Kindu au Kinshasa, ndiye kipimo cha bei hiyo.

Serikali iliunda ARCA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, na kulinda haki za waliolipa ni sehemu ya kazi yake. Makao yake yako Kinshasa, mbali sana na soko la Kasongo, na dereva mmoja hawezi kuifikia kirahisi. Shirika la wasafirishaji linaweza. Liandike barua moja, kabla ya bima kuisha na si baada ya gari kukamatwa, likiambatanisha risiti ya mwaka jana na ya mwaka huu. Barua iombe mambo yaliyo wazi: bei ya bima yenyewe ni ngapi, kodi ngapi, gharama za karatasi ngapi, gari limehesabiwa kwa nguvu gani ya injini na kwa kazi gani, ya abiria, ya mizigo au ya nyumbani. Mara nyingine ongezeko lote hutoka hapo, gari la familia likiandikwa kuwa la biashara. Nakala ipelekwe kwa msimamizi wa teritwari, na nyingine ibaki ndani ya gari.