Kuchemsha gogo peke yake hakutoshi

Najua nimepotea siku nyingi, ni zamu za usiku tu, na baridi ya huku ndiyo hiyo mnayoijua. Leo nataka kusema habari ambayo baadhi yenu mtanicheka: magogo. Watu wenye matangi ya samaki sebuleni, huku Uingereza na hata huko Dar na Tanga, wanapenda kuokota gogo lililosukumwa na maji ufukweni na kuliweka ndani ya tangi. Dukani gogo ni ghali, ufukweni ni bure. Ushauri wanaopeana ni mmoja: lichemshe, basi. Mimi nabisha.

Sisi wauguzi tunafundishwa kwamba kusafisha ni jambo moja na kuua vijidudu vyote ni jambo jingine kabisa. Vyombo vya upasuaji vinaingizwa kwenye mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Sufuria yako inaishia nyuzi 100, na bakteria wengine hubaki hai kwa mbegu zao. Sasa msiogope, tangi si chumba cha upasuaji! Linaishi kwa bakteria wake lenyewe, wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa naitraiti, halafu naitreti. Kuchemsha kuna faida zake: kunaua wadudu na konokono waliojificha, kunatoa chumvi na rangi, na gogo linazama upesi. Lakini sumu iliyomo kwenye mti wenyewe, au kwenye rangi iliyopakwa, usitegemee kwamba sufuria itaitoa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua. Chukua mti mgumu, uliokufa zamani na kukauka kabisa. Bonyeza kwa ukucha, ukizama huo umeoza, uache. Nusa pia. Ukinuka utomvu, lami au mafuta, uache. Mbao za mashua usiziguse kabisa, maana rangi ya chini ya mashua mara nyingi ina shaba, na shaba inaua kamba na konokono wa tangini. Mataruma ya reli nayo yametiwa dawa. Na mti usioujua jina je? Wazee wetu walikuwa wakivua kwa utupa, samaki wanalewa wanaelea juu. Sasa wewe unataka kumpa samaki wako mti usioujua kwa sababu tu una umbo zuri?

Wengine wanaloweka kwenye jiki. Sipendi. Mti una vitundu, unanywa dawa na kuitoa pole pole baadaye, samaki wakiwa ndani. Na jiki usichanganye na siki hata siku moja, inatoka gesi ya klorini, mapafu yako ndiyo yatakayolipa.

Mpwa wangu wa Tanga ameniandikia kwamba amejinyima miezi anunue samaki, na sasa anataka kwenda kung'oa mzizi wa mkoko. Mwanangu, hapana. Mikoko ni misitu ya hifadhi, kukata bila kibali ni kosa, na mti mbichi utaozea ndani ya tangi. Tafuta mkavu, ikiwezekana wa mtoni badala ya baharini, kwa sababu wa baharini una chumvi hadi ndani. Wala usimalize mkaa wa mama kwa kuchemsha saa nne! Sugua kwa brashi bila sabuni, loweka kwenye ndoo ya maji baridi, badilisha maji kila siku, wiki tatu, nne, hata zaidi. Ndoo na subira vinafanya sehemu kubwa ya kazi ya moto. Likiendelea kuelea, lifunge kwenye jiwe zito.

Maji yakigeuka rangi ya chai usishtuke, samaki wengi hawadhuriki. Utando mweupe ukitokea juu ya gogo wiki za kwanza, nao hauna neno, uusugue tu. Ila kama samaki wako ni wale wa Ziwa Tanganyika (wa kwetu Kigoma, na huku wanauzwa bei mbaya), achana na magogo, wape mawe. Ziwa lao lina pH inayokaribia 9, na gogo linavuta maji kuelekea uchachu.

La mwisho ni la kiuguzi. Mwenye kidonda mkononi asitie mkono tangini bila glavu. Kuna bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi kwenye maji ya samaki, wanaingia kwenye mchubuko na kufanya uvimbe usiopona, dawa zake ni za miezi. Ukiona uvimbe wa namna hiyo, nenda hospitali, na umwambie daktari una samaki, maana hatakuuliza.

Haya, zamu inaniita. Mpwa, nitumie picha ya gogo kabla hujaloweka. Mama nimsalimieni sana.