Bi Harusi, Usikubali Kuolewa na Moshi



Sisi tunaoshona nguo za maharusi hapa Sumbawanga tumechoka kunyamaza. Kicheni pati tunaziona kila msimu. Mezani seti ya sahani, hotpoti, mapazia, halafu seti nyingine ya sahani. Sare za wageni tumeshona sisi na pesa yake tumekula, kwa hiyo lawama hii na sisi imo. Wiki ya pili bi harusi yuko uani anapuliza mkaa, macho mekundu, na sahani zimefungiwa kabatini.

Hayo ni mapenzi kwa mwali wetu, au ni kujionesha? Dini yetu imekataza israfu.

Uwanda wa Ufipa una baridi. Ikifika Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Sumu ya mkaa haina rangi wala harufu, na inaua mtu usingizini. Zawadi gani hiyo kwa maharusi?

Mtasema, basi gesi. Ni bora kuliko mkaa, hatubishi, lakini nayo inachafua hewa, na mtungi ukiisha huna pesa unarudi kwenye mkaa. Serikali ilizindua mkakati mwaka 2024 ili ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Vizuri, ila harusi ni mwezi ujao.

Wengine wanacheka: sola kwenye baridi hii? Paneli haitaki joto, inataka mwanga. Kipupwe chetu ndicho kiangazi, mvua hakuna na anga ni jeupe. Tena umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umetoka Zambia, na ukame wa 2024 uliiacha Zambia yenyewe gizani. Anayetegemea waya peke yake asishangae akilala na kibatari.

Tusidanganyane: paneli ndogo ya taa na simu haiwashi jiko. Kupikia kunataka paneli kubwa, betri na inveta, na bei yake ni kubwa. Basi anzeni na jiko la presha la umeme. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Paneli ya taa ifuate, kisha mfumo mkubwa mkijaaliwa.

Pesa itoke wapi? Ipo, inapita kwenye sare na sahani. Mama na shangazi, changeni zawadi moja ya maana. Na wewe bi harusi, mahari ni haki yako, si ya baba wala ya mjomba. Ukiulizwa unataka nini, sema bila haya: nataka sola na jiko lisilo na moshi.

Sare tutaendelea kushona. Tutashona kwa kitambaa cha bei nafuu, na kinachobaki kiende jikoni kwa bi harusi.

Wabillahi tawfiq.