Gitaa Hununuliwa kwa Mkono na Sikio

Anayetaka gitaa lake la kwanza siku hizi huambiwa: achana na maduka ya Kariakoo, agiza mtandaoni. Ushauri huo husimama juu ya madai ambayo ni vema kuyapima moja moja.

“Mtandaoni ni bei nafuu.” Bei ya kwenye skrini ni ya gitaa lililo bado ghalani kwa muuzaji. Likitoka nje ya nchi, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, kisha VAT: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya, ikikokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kuongezwa ushuru. Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya dukani.

“Modeli ni moja, magitaa ni yaleyale.” Mbao hazifanani. Dukani unapiga mawili matatu ya bei moja, kisha unachagua. Tazama kama shingo imepinda. Bonyeza kila freti usikilize uzi unaokwaruza. Kisha bonyeza freti ya 12: itoke noti ileile ya uzi ulioachwa wazi, oktava moja juu. Ikipotoka, gitaa halitatulia hata ulityuni vipi.

“Gitaa jipya halihitaji fundi.” Dai hili ndilo linaloniuma zaidi. Magitaa mengi ya bei ya chini hufika nyuzi zikiwa juu mno. Mwanafunzi anaumia vidole, anadhani hana kipaji, anaacha muziki. Kumbe fundi angesugua kidogo mfupa wa darajani, au angerekebisha chuma kilichomo ndani ya shingo, na mkono ungekuwa mwepesi.

“Nyuzi ni nyuzi tu.” La hasha. Gitaa lililoundwa kwa nyuzi za nailoni ukilifunga za chuma, mvutano unazidi sana uwezo wake. Daraja laweza kung’oka na shingo kupinda. Muuzaji anayejua kazi atakuzuia kabla hujalipa.

“Ukishanunua, umemaliza.” Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar, unyevu huvimbisha mbao na upepo wa chumvi hutia nyuzi kutu. Bara wakati wa kiangazi, mbao husinyaa. Kwa hiyo futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, usiliache gitaa ndani ya gari juani kwa kuwa gundi hulegea, na lipeleke kwa fundi nyuzi zikianza kupanda au kukwaruza.

“Maduka yetu hayana chaguo.” Hapa wana hoja. Gitaa la mtu wa mkono wa kushoto ni adimu, na wapo wauzaji wa bidhaa bandia. Duka lisilokuruhusu kujaribu, ondoka. Vitu vidogo kama nyuzi, kapo na mkanda, agiza bila wasiwasi.

Gitaa lenyewe, lishike kwanza. Tenga na fedha ya fundi ndani ya bajeti ileile. Na kama huna budi kuagiza, mtafute fundi kabla hujalipa.