Lumbesa Inaishia Kiunoni mwa Mtu

Ndugu wafanyabiashara, madalali na wenye maghala, nawaombea wapagazi wetu. Mnawaona kila alfajiri sokoni: wawili wananyanyua gunia la viazi lililoshonewa kilemba cha kamba juu, wanamtwika wa tatu aliyeinama, naye anasimama kwanza magoti yatulie ndipo apige hatua. Lumbesa hiyo mara nyingi inapita kilo 100. Shirika la Kazi Duniani lilikwishapendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55.

Kati ya pingili za kiuno kuna diski, na kwa mtu mzima diski karibu haina mishipa ya damu. Chakula chake hupenya kupitia bamba la gegedu na mfupa lililoifunika juu na chini, unene wake kama milimita moja tu. Mzigo mzito ukirudiwa miaka na miaka, bamba hilo linaweza kupasuka. Diski hudhoofu, na uboho wa pingili jirani huvimba. Mabadiliko hayo huonekana kwenye picha za MRI. Michael Modic na wenzake wa Marekani waliyaeleza mwaka 1988, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Wapasuaji nao wamekuta vipande vya gegedu la bamba ndani ya diski zilizochomoza. Maana yake, wakati mwingine diski hung'oka pale inaposhikana na pingili, ikabana neva, na maumivu yakashuka hadi mguuni.

Umri na kurithi navyo vimo, sikatai. Ila uzito wa gunia uko mikononi mwetu. Fungeni kilo 50. Nunueni mikokoteni. Nawe mnunuzi, ikatae lumbesa hata kama bei yake inavutia.

Kaka yangu mpagazi, kiuno kikikamata usikubali kukanyagwa mgongo. Wengi wenye tatizo hili hupata nafuu bila kisu baada ya wiki kadhaa, wakiweka mzigo chini na kuendelea kutembea taratibu. Lakini mguu ukilegea, ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye gunia ndiye atoe nauli, na kibarua chako cha siku hiyo akulipe.